Mimba imenikataa: mke wangu hataki hata kusikia harufu yangu. Wenye uzoefu njooni

Baba Kijacho (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msinicheke kabla sijamaliza.

Mke wangu ana ujauzito wa miezi miwili na kitu, mimba yetu ya kwanza. Tangu mwezi uliopita nimegeuka adui ndani ya nyumba ninayolipia kodi mwenyewe. Nikirudi kazini, hata viatu sijavua, yeye ameshakimbilia chooni kutapika. Manukato niliacha. Sabuni nikabadilisha. Mafuta ya kujipaka nikabadilisha. Nikamuuliza sasa tatizo ni nini, akanijibu bila kunitazama: "Ni wewe." Siku hizi nalala sebuleni, na shemeji yangu anayesoma chuo hapa Dar anajifanya haoni.

Mama mkwe kanipigia simu kwa sauti ya mtu anayetoa hongera: mimba imekukataa baba, basi mtoto atatoka sura yako mtupu. Dada yangu anasema hapana, mimba ikimkataa baba ujue ni wa kike. Kijiweni wakaniambia nitulie nichunguze, mke hachukii mume hivi hivi. Hapo ndipo niliposhindwa kula.

La mwisho, na hili sijamwambia mtu: mimi mwenyewe asubuhi nasikia kichefuchefu, na saa nane mchana nasinzia ofisini. Mwanaume anaweza kubeba mimba kwa niaba?

Nawasilisha. Na kama kuna imani nyingine za mimba mlizokutana nazo, ziwekeni hapa tujue ipi ya kweli.

Kijana wa Temeke

Pole mkuu. Mimi wangu alinichukia mpaka mwezi wa tano. Mtoto alivyozaliwa kafanana na mjomba wake wa Singida ambaye hata harusini hakuja. Nadharia ya mama mkwe naikataa kwa ushahidi.

Mama Wawili

Kaka pole, ila acha kusikiliza wa kijiweni. Mimba ya kwanza sikumtaka baba watoto hata chumba cha pili. Mimba ya pili ikawa kinyume, nikawa nachukua shati alilotoka nalo kazini, lile lenye jasho, nalala nalo usoni. Akisafiri nalia. Mume ni yule yule, na mapenzi ni yale yale. Watoto wote wawili wamefanana naye.

Kilichokuwa kinanimaliza mimba zote mbili ni kitunguu kikikaangwa. Kama unataka kumsaidia, pika wewe, na ukaangie nje.

Mkunga Mstaafu

Wanangu shikamooni mnipe, nimekaa wodi ya wazazi tangu wengi wenu hamjazaliwa.

Baba Kijacho, mimba haikatai mtu wala haimpendi mtu. Kinachotokea ni kwamba wanawake wengi wakiwa na mimba changa pua inakuwa kali na tumbo linakuwa jepesi kuchafuka. Harufu iliyo karibu naye kila siku ndiyo inayopata lawama, na kwenye nyumba yako harufu hiyo ni wewe. Ungekuwa unafuga mbuzi, lawama ingekuwa ya mbuzi.

Kichefuchefu kwa kawaida huanza wiki ya sita hivi na kwa wengi hupungua kufika mwezi wa nne. Miaka yote tulikuwa tunasema "ni homoni" bila kujua hasa ipi. Mwishoni mwa mwaka 2023 jarida la Nature likachapisha utafiti wa Marlena Fejzo, Stephen O'Rahilly na wenzao ulioonyesha homoni iitwayo GDF15. Kwa sehemu kubwa inatoka upande wa mtoto na kondo, inaingia kwenye damu ya mama na kugonga sehemu ya ubongo inayoleta kutapika. Mwanamke ambaye kabla ya mimba alikuwa nayo kidogo sana mwilini ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu hajaizoea. Fejzo mwenyewe alitapika mpaka akapoteza mimba mwaka 1999, na daktari wake alimuona kama anatafuta kuhurumiwa. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie mkeo anadeka.

Msaidie hivi: ale kidogo kidogo mara nyingi, tumbo lisikae tupu. Mkate mkavu au biskuti kavu awe nayo kitandani, ale kabla hajainuka. Tangawizi inasaidia baadhi yao. Akifika mahali hata maji hayakai, mkojo umekuwa wa rangi ya chai, anasikia kizunguzungu akisimama, huyo ni wa hospitali kuwekewa maji. Bibi zetu husema mimba ya matapishi ni mimba imara, na wana sehemu ya ukweli: utafiti wa Marekani wa mwaka 2016 ulikuta wanaopata kichefuchefu walipoteza mimba kwa uchache kuliko wasiopata. Lakini uimara wa mimba hauzuii mama kukaukiwa maji. Na asiyetapika kabisa asiogope, wapo wengi na watoto wao wazima.

Kuhusu wewe: hubebi mimba kwa niaba, ila dalili hizo kwa akina baba zinajulikana sehemu nyingi duniani. Una wasiwasi, unalala sebuleni, chakula hakipiti. Kusinzia saa nane sishangai. Ukianza homa nenda kapime malaria, usiseme mimba imekuangukia.

Baba Kijacho

Mama asante sana. Na shikamoo. Nimemsomea mke wangu sehemu ya mbuzi amecheka, mara ya kwanza wiki hii.

Binti Pwani

Bi mkubwa shikamoo. Mie nipo Unguja, mimba ya miezi minne. Hapa kwetu hakuna anayeshangaa mjamzito kutafuna mchele mbichi, lakini langu limepita mchele. Nala udongo, ile pemba ya vijiti. Kuna mama anauza kwa mafungu, ukipita tu harufu yake kama ardhi ikinyeshewa mvua ya kwanza, mate yananijaa mdomoni. Naweka kwenye mkoba, nakwenda nao kazini, navunja kidogo kidogo chini ya meza. Ule unga wake unaganda kwenye meno na ndiyo raha yenyewe. Mama yangu anasema waongeza damu, mume anasema ntazaa mtoto mwenye mchanga kichwani. Nani mkweli?

Mkunga Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hakuna mkweli kati yao, ila mama yako yupo karibu kidogo.

Hamu ya udongo, mchele mbichi, barafu, hata unga mkavu wa ngano, huambatana sana na upungufu wa madini ya chuma. Ndiyo maana wazee waliona uhusiano kati ya udongo na damu, ila wakaugeuza. Udongo hauongezi damu. Ule wa mfinyanzi ukiwa tumboni unashika chuma cha chakula chako na kutoka nacho, kwa hiyo unakula kwa sababu damu ni ndogo, na damu inazidi kuwa ndogo kwa sababu unakula. Juu ya hapo unaweza kuwa na mayai ya minyoo, na aina nyingine zimekutwa na madini ya risasi, ambayo yanadhuru ubongo wa mtoto.

Sikwambii uache leo kwa matusi, najua ile hamu. Nakwambia nenda kliniki na useme wazi "nakula udongo". Wengi wanaficha. Wakupime wingi wa damu: chini ya 11 kwa mjamzito ni upungufu. Watakupa vidonge vya damu na dawa ya minyoo. Wanawake wengi, damu ikipanda, hamu inakatika yenyewe.

Nimalizie na hili la rangi. Juisi ya rozela, bitiruti, soda nyeusi, zabibu, vyote vimepewa sifa ya kuongeza damu kwa sababu ya rangi yake. Rangi haiingii kwenye mshipa. Chuma kipo kwenye maini, nyama, dagaa, maharage, matembele, mchicha, na kinafyonzwa vizuri ukila na chungwa au ndimu. Na chai mnayoteremshia chakula ndiyo inayozuia. Ikae mbali na mlo, saa moja au mbili.

Nipo Geita

Mama mkunga shikamoo. Wa kwangu anapewa vile vidonge vya kliniki, FEFO, kumbe havinywi. Nimevikuta kwenye kopo la chumvi, vyote. Anasema vinamnenepesha mtoto halafu atapasuliwa. Mayai pia hali, eti mtoto atazaliwa hana nywele.

Mkunga Mstaafu

Hilo la kopo la chumvi limenichekesha na kunisikitisha. Wengine walikuwa wanaturudishia kwenye kitambaa walivyopewa, wanasema "nesi mpe mwingine".

FEFO ni madini ya chuma na asidi ya foliki. Haina uwezo wa kumnenepesha mtoto. Mtoto anayekuwa mkubwa kupita kiasi mara nyingi ni kwa sababu ya sukari ya mama kuwa juu, na hiyo inapimwa. Kinachowakimbiza wengi ni kichefuchefu na choo kuwa cheusi na kigumu. Weusi ni wa kawaida, asishtuke. Anywe usiku kabla ya kulala, na maji mengi mchana. Choo kigumu kinaweza kuwepo hata bila FEFO, kwa sababu homoni za mimba zinalegeza misuli ya utumbo na chakula kinapita polepole. Ndizo hizo hizo zinazoleta kiungulia.

Halafu mwambie kwa nini anahitaji damu. Mimba ikikomaa, damu mwilini huwa imeongezeka karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo. Mfuko wa uzazi wenyewe unaanza na gramu sabini hivi na kufika kilo moja, bila mtoto ndani. Moyo unapiga kwa nguvu zaidi kusukuma yote hayo. Siku ya kujifungua kila mwanamke anamwaga damu. Aliyeingia leba na akiba anatoka akitembea. Aliyeingia bila akiba, damu ile ile ambayo mwenzake hakuisikia inaweza kumuondoa.

Mayai ale. Kipara cha mtoto ni cha ukoo na kinaisha. Miiko mingi ya chakula nikiitazama naona ilikuwa inamnyima mama kitoweo, na sijawahi kukutana na mwiko unaomkataza baba mayai.

Mhenga wa Leo

Naomba nipinge kidogo. Mnawadharau sana wazee. Bibi yangu amezaa watoto kumi bila kadi ya kliniki, bila FEFO, akilima mpaka siku ya mwisho. Na ishara zao ni za kweli: kiungulia ni nywele za mtoto, tumbo la kuchongoka ni wa kiume, likitandaa ni wa kike, mstari mweusi tumboni ukinyooka juu ya kitovu ni dume. Mke wangu alikuwa na kiungulia cha kulia machozi na binti katoka na nywele za kusuka.

Mkunga Mstaafu

Kwenye nywele, mwanangu, umenishinda, na si mimi peke yangu. Watafiti wa Johns Hopkins kule Baltimore, Marekani, walichukua wajawazito 64 wakitaka kuonyesha kwamba ni hadithi ya bibi tu. Mwaka 2006 wakatangaza matokeo: kati ya wanawake 28 waliokuwa na kiungulia cha kati au kikali, 23 walizaa watoto wenye nywele za kutosha au nyingi. Kati ya 12 ambao hawakupata kiungulia kabisa, 10 walizaa watoto wenye nywele kidogo au wasio nazo. Wakadhani huenda homoni zinazolegeza mlango wa tumbo la chakula ndizo zinazochochea nywele za mtoto. Nywele hazimchomi mama kifuani, ila bibi alikuwa ameona kitu.

Kwenye tumbo wazee wamefungwa. Timu hiyo hiyo mwaka 1999 iliwauliza wajawazito 104 ambao hawakujua jinsia. Waliopatia walikuwa asilimia 55, sawa na kurusha shilingi, na umbo la tumbo halikusaidia kitu. Tumbo linachongoka au kutandaa kwa sababu ya misuli ya mama, urefu wake, mtoto alivyolala, na mimba ya ngapi. Mstari mweusi ni homoni zinazokoleza rangi ya ngozi, ndizo zinazoleta na madoa usoni na chuchu kuwa nyeusi. Unafifia miezi kadhaa baada ya kujifungua, awe wa kike au wa kiume. Na uso kuharibika, kuna nyumba wanasema "wa kike amemnyang'anya mama uzuri", nyumba ya jirani wanasema "ubaya huo ni dume hilo". Chagueni moja.

Jinsia inaamuliwa na mbegu ya baba, siku ile ile ya kwanza. Nalisema kwa sauti kwa ajili ya akina baba wanaosusa kuja wodini mtoto wa nne akiwa wa kike.

Ama bibi yako: muulize alizaa kumi, wakakua wangapi. Muulize na dada zake wangapi walifia kwenye uzazi. Usimuulize mbele za watu. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015-16 ulikadiria vifo vya wajawazito Tanzania kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikuta 104. Bado ni vingi mno, lakini mimi nimeyaona mabadiliko hayo kwa macho yangu na hayakuletwa na kulima mpaka siku ya mwisho.

Mhenga wa Leo

Nimemuuliza. Waliokua ni sita. Sikuwahi kujua.

Abuu K

Samahani nachomekea swali, sitaki kuanzisha uzi mwingine. Mke wangu mwezi wa nane. Miguu imevimba muda mrefu, mama kasema ni dalili ya dume. Tangu juzi na uso umejaa asubuhi, pete haitoki. Jana na leo kichwa kinamuuma, amemeza panadol haijasaidia, na anasema anaona vimulimuli. Niendelee na panadol au kuna kingine?

Mkunga Mstaafu

Abuu, acha kusoma, mpeleke hospitali SASA. Si zahanati ya dawa, hospitali yenye wodi ya wazazi. Usisubiri asubuhi. Chukua kadi ya kliniki. Ukifika mlangoni sema hivi: "Mjamzito wa miezi minane, kichwa kinauma na anaona vimulimuli." Watakuelewa.

Mkunga Mstaafu

Wengine nawaelezea wakati tunamsubiri. Miguu kuvimba jioni ni kawaida kwa wajawazito wengi. Uso na mikono kuvimba ghafla, kichwa kisichosikia dawa, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu upande wa kulia, hizo ni dalili za presha ya mimba iliyofika pabaya. Baada ya wiki ya 20, presha ya 140 kwa 90 au zaidi haipuuzwi, na wanapima protini kwenye mkojo. Isipodhibitiwa mama anaanguka degedege, kifafa cha mimba.

Hapa ndipo imani zinapoua. Mama akianguka, kuna familia zinasema amepandisha mashetani, zinafunga mlango na kuchoma ubani. Nimepokea wagonjwa wa hivyo wakiwa wameng'ata ulimi, wananuka udi, na saa za muhimu zimeshapita. Dawa ipo, ni sindano ya magnesiamu salfeti. Utafiti mkubwa wa mwaka 2002, uliofanyika nchi nyingi zikiwemo za Afrika, ulionyesha inapunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Ila inamsaidia aliyefikishwa.

Mama Wawili

Abuu tupo na wewe. Ukipata nafasi tupe neno.

Wakati tunasubiri mimi nina langu, nilitukanwa nalo. Mwanangu wa kwanza alitoka na ule utando mweupe mwilini, mwingi hasa mgongoni na kwenye mikunjo. Mama mkwe akauangalia, akaguna, akasema mbele ya shangazi zake wote kwamba hatukuwa na subira mwezi wa tisa. Nilitamani ardhi ipasuke. Ni kweli?

Mkunga Mstaafu

Si kweli hata chembe. Utando ule unatengenezwa na ngozi ya mtoto mwenyewe, ni mafuta na seli za ngozi. Unamkinga asilowe kwenye maji ya uzazi miezi yote ile, unamsaidia kutunza joto akitoka, na unazuia vijidudu. Mbegu za kiume haziwezi kumfikia mtoto aliye ndani ya chupa ya uzazi. Anayezaliwa kabla ya wakati huwa nao mwingi, anayepitiliza wiki huwa hana, awe baba yake alikuwepo au alikuwa Oman mwaka mzima.

Nimeona wanawake wamejifungua dakika ile, damu bado inatoka, hawaulizi mtoto ni wa jinsia gani, wanasema "nesi mfute, mfute kabla mama hajaingia". Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asiogeshwe mpaka zipite saa 24, kumbe sisi tunakimbilia beseni kwa aibu ya kusingiziwa. Na tendo la ndoa wakati wa mimba isiyo na matatizo halina madhara. Kama kuna damu inatoka, kondo limekaa chini, au chupa imepasuka, hapo mnaacha.

Sauti ya Chini

Naandika kwa akaunti mpya kwa sababu zinazoeleweka. Mmeongea sana ya mwili. Mimi mimba ilinikamata kichwani.

Mwezi wa tano nikaacha kuoga. Siyo kwamba maji hayapo, ndoo nilikuwa naiona pale imejaa, naiangalia mpaka mtu anakuja kuitumia. Sikulia. Watu wanadhani mtu mwenye huzuni analia. Nilikuwa nasikia mtoto anacheza na sisikii chochote moyoni, nikaanza kujiambia kwamba mimi si mama. Wifi akasema nadeka. Nyumbani kwetu Tanga wakasema kuna mtu kaitazama mimba vibaya, nikapelekewa kombe, yale maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa. Nilikunywa, sina ugomvi na kombe, lakini nilibaki vile vile. Aliyenisaidia ni nesi wa kliniki aliyeniuliza swali moja baada ya kunipima tumbo: "Na wewe unaendeleaje?" Nikaanza kutetemeka. Akanipeleka kwa mtu wa afya ya akili hapo hapo.

Mtoto yupo, ana meno mawili. Nampenda.

Mkunga Mstaafu

Asante mwanangu kwa kuandika. Baba Kijacho na wenzako someni mara mbili.

Kulia bila sababu, hasira za ghafla, kusahau, ni mambo ya kawaida na huja na kuondoka. Ubongo nao unabadilika: mwaka 2016 watafiti wa Barcelona walionyesha kwamba sehemu za ubongo zinazohusika na kuwaelewa watu wengine zinabadilika umbo kwa mama wa mara ya kwanza, na mabadiliko yalikuwepo hata miaka miwili baadaye. Mwaka 2024 ukatoka utafiti mwingine, mwanasayansi Elizabeth Chrastil alipigwa picha za ubongo mara 26, tangu kabla ya kushika mimba mpaka mtoto ana miaka miwili. Ubongo unajipanga upya. Kwa hiyo mkeo akiweka simu kwenye friji, itoe, muwekee mezani, nyamaza.

Lakini huzuni au utupu usiobanduka wiki mbili na zaidi, kukosa usingizi hata mtoto akiwa kimya, kujiona huna faida, kuwaza kufa, hiyo ni sonona. Shirika la Afya Duniani linasema karibu mjamzito mmoja kati ya kumi duniani hupata tatizo la akili, hasa sonona, na kwenye nchi kama zetu ni zaidi ya hapo, asilimia 15.6, na 19.8 baada ya kujifungua. Kwenye benchi la kliniki lenye akina mama ishirini, hesabu mwenyewe. Inatibika, na mara nyingi inaanza kutibika kwa mazungumzo.

Cha dharura ni kile mtaani mnaita kichaa cha uzazi: siku chache baada ya kujifungua mama halali kabisa, anasikia sauti, anasema mtoto si wake au ametumwa. Huyo haachwi peke yake na mtoto hata dakika, na anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Kombe mtampa akirudi.

Abuu K

Nimepata nafasi. Tumefika, presha ilikuwa 160 kwa 110, mkojo una protini nyingi. Wamemchoma sindano hizo za magnesiamu na dawa ya kushusha presha, wamesema akitulia wanaweza kuamua kumzalisha mapema. Nimeambiwa nitafute watu wa kuchangia damu. Nipo nje kwenye benchi. Mama yangu yupo hapa hasemi neno. Asante mama mkunga, Mungu akuweke.

Mkunga Mstaafu

Umefanya vizuri. Mama usimlaumu, alisema alichoambiwa na mama yake. Muulize daktari kama wanampa sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, hawatachukia. Na hata akishajifungua presha iangaliwe, kifafa kinaweza kuja baada ya kujifungua pia.

Kampala Kwetu

Habari ndugu zangu wa Tanzania. Huku Uganda kuna mumbwa, vijiti vya udongo uliochanganywa na majani ya dawa, mjamzito anasugua kwenye maji anakunywa miezi yote. Mama mkwe wangu ananiletea, anasema njia italegea na uchungu utakuwa mfupi. Kwenu ipo?

Mkunga Mstaafu

Karibu dada. Kwetu zipo za majani na mizizi, za kunywa uchungu ukianza. Shida si kwamba hazifanyi kazi. Baadhi zinafanya kazi kweli, tena kupita kiasi. Hospitali dripu ya kuongeza uchungu inahesabiwa matone, nesi ameweka mkono tumboni na anasikiliza mapigo ya mtoto, na mama mwenye kovu la operesheni tunaogopa hata hiyo. Kikombe cha mizizi hakihesabiki. Mfuko wa uzazi ukibanwa bila kupumzika mtoto anakosa hewa, na mfuko wenyewe unaweza kupasuka. Mkijificha chooni mkanywa halafu mkatudanganya, tunaweza kuwaongezea dripu juu yake. Mkinywa, semeni. Tutagomba, lakini mtakuwa hai.

Kijana wa Temeke

Mama na hili la kununua nguo za mtoto mapema kuwa nuksi? Mke wangu kakataa hata soksi.

Mkunga Mstaafu

Soksi muachie, hazina haraka. Mtoto atavikwa kanga. Ila vifaa vya kujifungulia viwe ndani kuanzia mwezi wa saba: mpira wa kutandika, glavu, pamba, kibanio cha kitovu, kanga safi, pedi. Na hela ya gari ya usiku wa manane, ambayo haina nuksi yoyote.

Mhenga wa Leo

Swali la mwisho mama, nimekuwa mwanafunzi wako. Mjamzito kukaa mlangoni, mtoto atakwama. Na kuvaa mkufu, kitovu kitamzonga shingoni.

Mkunga Mstaafu

Kitovu humzonga shingoni karibu mtoto mmoja kati ya wanne, na mama zao wengi hawana mkufu hata wa shaba. Mtoto hapumulii puani akiwa tumboni, hewa yake inapita kwenye kitovu, kwa hiyo mara nyingi tunakitelezesha tu kichwani na maisha yanaendelea.

Mlangoni kuna upepo, na mjamzito anasikia joto kwa sababu ya damu yote ile iliyoongezeka. Mletee kiti. Asogee kidogo tu watu wapite na ndoo.